Mchambuzi wa Kodi: Je, ni Wakili au ni Shahidi?

Ndugu msomaji, wengi wanaotuandikia kwa nia ya kuichunguza dini huuliza mambo ya itikadi, nayo yana majibu yake vitabuni. Lakini mara kwa mara huja swali ambalo huwezi kulikuta kwa jina lake katika maandishi ya wanavyuoni wa kale, kwa kuwa kazi yenyewe inayoulizwa haikuwapo zama zao. Hata hivyo lataka jibu, maana muulizaji analala nalo na kuamka nalo, na chakula anachowalisha watoto wake kimetokana na kazi hiyo. Leo nataka tulitazame pamoja swali moja la namna hiyo.

Yuko kijana mmoja aliyekulia karibu na Kakola, pale ulipo mgodi wa Bulyanhulu katika Mkoa wa Shinyanga. Baba yake alichimba katika maduara ya hapo kabla ya wachimbaji wadogo kuondolewa mwaka 1996, na kabla ya mgodi mkubwa kuanza kutoa dhahabu mwaka 2001. Kijana huyu alijaliwa kusoma. Akahitimu uhasibu, akavuka bahari, na sasa ameajiriwa na chuo kikuu kimoja cha Marekani katika ofisi inayosimamia vitega uchumi vya chuo hicho. Cheo chake ni mchambuzi wa kodi. Alipokuja likizo kumtazama mama yake Kahama, alifika kwangu baada ya sala ya Alasiri. "Shikamoo, Mwalimu." Nikamwitikia, tukaulizana habari za nyumbani, kisha akanyamaza kidogo na kusema: "Mwalimu, nimekuja kuuliza kama mshahara wangu ni halali."

Nilidhani anauliza juu ya riba, ambayo ni mlango mrefu na siufungui leo. Akatikisa kichwa. "Hilo nimelisikia kwa wengi, nami nalitafutia njia. Ninaloliuliza ni jingine. Kazi yangu, kwa maneno mafupi, ni kuhakikisha kwamba chuo hakilipi kodi."

Nakuomba, ndugu msomaji, usiharakishe kumhukumu kijana huyu, wala usiharakishe kumwachilia. Kwanza yafaa tuielewe kazi yenyewe.

Vyuo vikuu vikubwa vya Marekani na vya Uingereza havitegemei ada za wanafunzi peke yake. Vina mali iliyowekwa wakfu na wafadhili waliokwisha kufa zamani, na mali hiyo haitumiwi yote. Huwekwa katika hisa, majumba, mashamba na migodi, na matunda yake ndiyo yanayolipa mishahara ya walimu na kuwasomesha watoto wa maskini. Sisi Waislamu tunaijua wakfu vizuri. Misikiti na madrasa ya pwani yetu ilisimama kwa minazi na nyumba zilizowekwa wakfu, na msimamizi wa wakfu alijua kwamba mnazi si wake. Na kwa kuwa elimu ni manufaa ya wote, serikali nyingi husamehe kodi mali iliyowekwa kwa ajili ya elimu. Tanzania nayo, katika Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, imeweka nafasi maalumu kwa taasisi za hisani, zikiwamo zile zinazoendeleza elimu. Msamaha huu si wizi. Ni zawadi aliyoitoa mtunga sheria kwa macho mawazi.

Lakini kila zawadi ina mpaka, na mpaka wake una hadithi inayofaa kusimuliwa. Mwaka 1947 kiwanda cha makaroni kilichoitwa C. F. Mueller kilinunuliwa kwa ajili ya kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha New York. Kwa kuwa faida yote ilikuwa inakwenda chuoni, ikadaiwa kwamba kiwanda hicho hakidaiwi kodi. Fikiria basi hali ya wenye viwanda vingine: wao wanatoa kodi, jirani yao hatoi, na makaroni ni yale yale. Watu wakalalamika, na mwaka 1950 Bunge la Marekani likatunga sheria kwamba chuo kikifanya biashara isiyohusiana na elimu, faida ya biashara hiyo itozwe kodi kama ya mtu mwingine yeyote. Baadaye sheria ikatia pia faida zitokanazo na vitega uchumi vilivyonunuliwa kwa fedha za mkopo.

Hapo ndipo kazi ya kijana wetu inapoanza. Chuo kikitaka kuweka fedha katika mfuko unaokopa, ambao faida yake ingetozwa kodi, hutafutwa kampuni ya katikati, ikasajiliwa katika visiwa kama Cayman ambako kodi ya mapato ya kampuni haipo. Mfuko unailipa kampuni ya kisiwani, na kampuni ya kisiwani inakilipa chuo kwa jina la gawio. Gawio halitozwi. Fedha ni zile zile zilizotoka mahali pale pale. Lililobadilika ni jina, baada ya kupita katika sanduku la posta la kisiwani. Mwezi Novemba 2017, nyaraka zilizoitwa za Paradise zilipochapishwa na waandishi wa habari, ilionekana kwamba vyuo vingi vya Marekani, na vilevile Oxford na Cambridge, viliweka fedha visiwani. Haikuwa kinyume cha sheria, nasi tusiseme kwamba ilikuwa. Mwaka huo huo Bunge la Marekani liliweka kodi ya 1.4 kwa mia juu ya mapato ya vitega uchumi vya vyuo binafsi vyenye utajiri mkubwa kwa kila mwanafunzi, na mwaka 2025 sheria nyingine ikaongeza kiwango hicho hadi 8 kwa mia kwa vile vilivyo tajiri kupita vyote. Kwa hiyo wachambuzi wa kodi wa vyuo sasa wanatafutwa kuliko zamani, na kijana wetu hana hofu ya kukosa kazi. Hofu yake ni nyingine.

Sasa sikiliza hoja yake, maana aliisema vizuri na si haki kuidhoofisha. Alisema: "Mwalimu, fedha zile si zangu. Ni amana. Mfadhili alizitoa ili mtoto wa maskini asome, na mimi mwenyewe nilisoma kwa fedha kama hizo. Nikilipa hata dola moja ambayo sheria hainidai, nimeitoa mfukoni mwa mwanafunzi na kuitia mfukoni mwa serikali itakayonunulia mizinga. Je, msimamizi wa wakfu akilipa asichodaiwa, hakuvunja amana?"

Nakiri kwamba sikumjibu upesi. Hoja hii ni nzito. Mtu anaposimamia mali ya yatima hana ruhusa ya kuwa mkarimu kwa mali hiyo. Akitaka kutoa sadaka, atoe ya kwake. Na sheria inapotoa nafuu, kuikataa nafuu hiyo kwa niaba ya mwingine si ucha Mungu. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba kila anayepunguza kodi ni mwizi wamekosea, na maneno yao yanawasumbua watu wema bila sababu. Mkulima wa pamba wa Shinyanga anayedai nafuu ambayo sheria imempa hafanyi dhambi, wala chuo hakifanyi dhambi kikidai nafuu yake.

Hata wataalamu wa kodi hutofautisha kati ya kukwepa kodi na kuepuka kodi. Kukwepa ni kuvunja sheria. Kuepuka ni kupita pale ambapo sheria haikuziba. Wengi huishia hapo, wakidhani kwamba mpaka wa halali na haramu ni huo huo mpaka wa mahakama. Mimi nadhani mpaka wa dhamiri haupo hapo, nami nitajaribu kukuonyesha kwa mfano wa nyumbani kwetu.

Ikiwa umepata kufika katika machimbo madogo ya Geita au Kahama, umeona jinsi mgao unavyofanyika. Mawe yakitolewa shimoni hutiwa katika mifuko, na mifuko hupangwa mdomoni mwa duara. Pale pale, mbele ya macho ya watu, hugawanywa: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, fungu la wale walioingia shimoni, kila mahali kwa mapatano yake. Mama aliyewakopesha wachimbaji wali na maharage naye huwa karibu, maana deni lake hulipwa kutoka katika fungu hilo. Mapatano yenyewe mara nyingi ni magumu, na wachimbaji hupata kidogo kuliko jasho lao. Silisifu jambo hilo. Lakini tazama neno moja: hakuna anayeweza kusema mifuko ni minane hali wote wanaiona kumi. Wanaweza kubishana juu ya fungu. Hawawezi kubishana juu ya idadi. Na mtu akiuficha mfuko mmoja nyuma ya kichaka, hata kama atautumia kumsomesha mwanawe, wenzake hawatauliza mfuko ulikwenda wapi kabla ya kumwita mwizi.

Mgawo wa kodi ni kama mgao huo, ila hapa mdomo wa duara haupo. Mifuko huhesabiwa na watu wachache, katika karatasi, mbali na shimo, na wenye shimo hawaioni. Wanaoiona ni mhasibu na mchambuzi wa kodi. Basi neno la mchambuzi limekaa mahali pa macho ya watu wote.

Jambo hili si la kufikirika tu, nalo limetufikia sisi wenyewe. Kampuni iliyomiliki Bulyanhulu, na Buzwagi iliyo karibu na mji wa Kahama, ilikuwa African Barrick Gold, ambayo baadaye ilibadili jina kuwa Acacia. Ilisajiliwa Uingereza, na tangu 2010 hisa zake ziliuzwa katika soko la London. Migodi yake iliyokuwa ikitoa dhahabu ilikuwa Tanzania. Kati ya 2010 na 2013 kampuni hiyo iliwagawia wenye hisa kiasi cha dola milioni 412, na katika miaka hiyo hiyo hesabu zilizowasilishwa Tanzania zilionyesha hasara. Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, ikauliza: gawio hili limetoka wapi, ikiwa shimo lina hasara? Ikadai kodi ya zuio, ambayo ni fungu linalokatwa kabla gawio halijamfikia mwenye hisa. Kiwango cha kawaida kilikuwa 10 kwa mia, na madai yakawa dola milioni 41.25.

Kesi nzima ikaegemea juu ya swali ambalo mtoto angeliona ni jepesi: kampuni hii inakaa wapi? Ikiwa inakaa Uingereza, Tanzania haina cha kukata, na Uingereza haikati kodi ya zuio juu ya gawio la kawaida la hisa. Ikiwa inakaa Tanzania, fungu la Tanzania lipo. Kampuni ilishikilia kwamba makao yake ni Uingereza. Mwezi Machi 2016 Baraza la Rufani za Kodi liliamua kwamba ihesabiwe mkazi wa Tanzania, na likaulaumu vikali mpango mzima. Kampuni ilikataa lawama hiyo na kukata rufani. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaitupilia mbali.

Ndugu msomaji, sikuleta kesi hii ili tuichukie kampuni. Kampuni yenyewe imekwisha ondoka katika soko la London, na migodi ina mwenyeji mwingine. Nimeileta ili uone swali lilikuwa ni la namna gani. Kiasi cha kodi hakikuwa na ugumu, maana 10 kwa mia kila mtu huijua. Lililopimwa lilikuwa ni ukweli wa neno "kukaa". Mahali fulani, mtu fulani, mwenye elimu na mshahara, aliandika katika karatasi kwamba kampuni inakaa hapa wala haikai pale. Na hisa za namna hiyo hununuliwa na mifuko ya pensheni, ya bima, na ya vyuo vikuu duniani kote. Sisemi kwamba chuo cha kijana wetu kilikuwamo. Nasema kwamba gawio hufika katika meza kama yake likiwa safi, limekunjwa vizuri, na halina tena vumbi la Kakola.

Wewe uliye Mkristo na unasoma kurasa hizi kwa uchunguzi, labda unakumbuka kwamba katika Injili anayeonywa sana katika habari za kodi ni yule anayetoza. Yohana Mbatizaji aliwaonya watoza ushuru wasichukue kupita kile walichoamriwa, na Zakayo alirudisha alichokuwa amekizidisha. Maonyo hayo hayajapitwa na wakati, kwa maana mizani hudanganya kwa pande zote mbili. Mwezi Machi 2017 serikali yetu ilizuia kusafirisha makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha uliokuwa ukipelekwa nje kuyeyushwa. Mwezi Mei kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma iliripoti kwamba dhahabu iliyokuwamo katika makontena 277 ilizidi mara kadhaa ile iliyotajwa. Kampuni ikajibu kwamba kiasi hicho hakiwezekani. Mwezi Julai yakatolewa madai ya kodi ya dola bilioni 190, ambazo bilioni 40 zilikuwa kodi yenyewe na 150 zilikuwa riba na adhabu, wakati pato zima la taifa kwa mwaka halikufika bilioni 60. Mwisho wa yote, katika mkataba uliotiwa sahihi Januari 2020 kati ya serikali na Barrick, kampuni iliahidi kulipa dola milioni 300, serikali ikachukua hisa 16 kwa mia, na ikakubaliwa kwamba manufaa ya kiuchumi yagawanywe nusu kwa nusu katika kampuni mpya ya Twiga.

Mimi nayaona mapatano hayo kuwa bora kuliko yaliyotangulia. Lakini hebu jiulize: mzee wa Kakola asiyejua hesabu za dola aamini lipi? Aliambiwa na mmoja kwamba hakuna faida, na mwingine kwamba anadaiwa mali inayozidi mali ya nchi nzima. Yeye mwenyewe hakuona mifuko. Alibaki kati ya mashahidi wawili ambao maneno yao yalikuwa mbali kama mbingu na ardhi, naye hana mizani ya tatu. Umaskini wake ni mkubwa hapo kuliko katika fedha alizokosa, kwani aliyekosa fedha anaweza kutafuta nyingine, na aliyenyimwa ukweli wa mali yake hajui hata atafute nini.

Kwa upande mwingine, tuliona Geita jambo la kutia moyo. Wachimbaji wadogo walikuwa wakilalamika kwamba kodi zimewalemea, na dhahabu nyingi ilipita usiku kwa wanunuzi wasiojulikana. Mwezi Februari 2019 Bunge liliwaondolea kodi ya ongezeko la thamani ya 18 kwa mia na kodi ya zuio ya 5 kwa mia, na mwezi Machi soko la madini likafunguliwa Geita, lenye mizani ya wazi. Dhahabu iliyokuwa ikipita gizani ikaanza kupita juu ya mizani. Kumbe wengi waliokuwa wakijificha hawakuwa watu waovu kwa asili. Walitakiwa watoe fungu wasiloliweza, mahali wasipopaona. Mwenye kutunga kodi naye ana hesabu yake mbele ya Mungu.

Sasa narudi kwa kijana. Alinieleza kwamba ofisini kwao humwita mtetezi wa mfuko. Nikamwambia kwamba hapo ndipo ninapoona kosa, kwamba amepewa jina la kazi isiyo yake. Wakili husimama upande mmoja, na kila mtu anajua kwamba yuko upande mmoja. Kadhi humsikiliza akijua hivyo, na upande wa pili una wakili wake. Lakini anayejaza ritani ya kodi hasimami mbele ya kadhi. Hakuna upande wa pili chumbani. Anaandika: mali hii ni kiasi hiki, imetoka hapa, inamilikiwa na huyu, maamuzi yake hufanywa mahali fulani. Kisha anatia sahihi. Huo ni ushahidi, wala haubadiliki kuwa utetezi kwa sababu anayeutoa analipwa na upande mmoja.

Na Kurani Tukufu imeweka ushahidi mahali pazito sana. Katika Sura An-Nisaa waumini wameamrishwa kuusimamia uadilifu katika ushahidi wao, hata unapowadhuru wao wenyewe, au wazazi wao, au jamaa zao, awe anayehusika ni tajiri au ni maskini. Angalia kwamba hata umaskini wa mtu haukufanywa udhuru wa kumshuhudilia uongo. Basi itakuwaje wema wa chuo uwe udhuru? Na Sura ya 83, inayoanza kwa kuwaonya wapunjao, inamtaja yule anayetaka kipimo kamili anapopokea na kukipunguza anapotoa. Mfuko wa wakfu ambao kodi ya zuio ikikatwa kimakosa hudai irudishwe mpaka senti ya mwisho, lakini fungu la wengine likifika hutafuta kisiwa, na ujitazame katika kioo hicho.

Kwa hiyo nilimgawia kazi yake katika mafungu mawili. Pale anaposema ukweli wote, kisha akadai nafuu ambayo sheria imeitoa kwa ukweli huo, mshahara wake ni halali, nao ni mshahara wa msimamizi mwema wa wakfu. Asiache mtu amtie wasiwasi. Hata kampuni ya kisiwani, ikiwa imetajwa wazi kwa jina lake na kazi yake, na serikali inayohusika inaijua na kuiruhusu, mimi siwezi kuiita uongo. Naweza kuiona ni tamaa isiyopendeza kwa nyumba ya elimu, nami ndivyo ninavyoiona. Lakini tamaa ya chuo si uongo wa kijana. Pale ambapo nafuu haipatikani ila kwa kuandika jambo ambalo si kweli, hapo hakuna chuo, wala yatima, wala mtoto wa maskini, atakayeweza kulitakasa neno lile. Wakfu haujengwi kwa mali ambayo asili yake imefichwa. Wanaosomeshwa kwayo wanalishwa wasichokijua.

Akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, basi lipo faili moja."

Nilijua kwamba lipo. Mtu havuki bahari na kupanda basi mpaka Kahama ili aulize swali la nadharia.

Faili lenyewe lilikuwa hivi. Wakfu wa chuo unamiliki kampuni ya katikati kisiwani, na kampuni hiyo ina fungu katika mfuko unaomiliki hisa za migodi katika nchi kadhaa za Afrika. Nchi mojawapo, si yetu, imeleta maswali, na moja ya maswali hayo ni: maamuzi ya kampuni hii hufanywa wapi? Katika rasimu aliyopewa aikamilishe imeandikwa kwamba maamuzi hufanywa kisiwani, na wakurugenzi wawili wa kisiwani. Na wakurugenzi hao wapo kweli, na hukutana kweli, na hutia sahihi. Lakini kijana anajua kwamba karatasi wanazotia sahihi hutoka katika chumba chake, siku mbili kabla, zikiwa zimekwisha amuliwa. Yeye mwenyewe amezipeleka mara nyingi.

"Wakubwa wangu wanasema hiyo ndiyo desturi ya wote," aliniambia. "Na ya kwamba wakurugenzi wangeweza kukataa, ingawa hawajapata kukataa."

Nikamuuliza, "Na wewe ukiulizwa mdomoni mwa duara, mbele ya baba yako, mifuko ni mingapi, ungesemaje?"

Akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. Akasema baba yake asingeelewa hata swali. Nikamwambia kwamba nadhani angelielewa upesi kuliko sisi wawili.

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba nilimwambia aache kazi. Yapo maneno rahisi ambayo sisi tulio mbali na hatari hupenda kuwaambia walio ndani yake, na "acha kazi" ni moja la maneno hayo. Ana mke na watoto wawili, na ruhusa yake ya kukaa nchi ile imefungamana na kazi hiyo. Tena nilimkumbusha habari ya Nabii Yusufu a.s., ambaye aliomba mwenyewe awekwe juu ya hazina za Misri, chini ya mfalme ambaye hakuwa wa dini yake, katika nchi ambayo sheria zake hakuzitunga yeye. Hakungoja serikali ya malaika. Alitaja sifa mbili tu zilizomfanya aifae kazi ile: kwamba ni mlinzi mwaminifu na kwamba ana elimu. Watu wenye sifa mbili hizo wakiondoka wote katika ofisi za hesabu, zitabaki kwa wenye moja, na mara nyingi itakuwa ni elimu.

Nilichomwambia ni kwamba asitie sahihi chini ya sentensi ile kama ilivyo. Aandike hali ilivyo: kwamba wakurugenzi hukutana kisiwani, na kwamba mapendekezo wanayoyapitisha huandaliwa katika ofisi ya chuo. Kisha awaachie wakubwa wake kuamua kama wataipeleka hivyo. Wakiifuta na kuandika yao kwa sahihi zao, dhima imehama, ingawa haijaisha yote, maana atakuwa amejua. Wakimfukuza kwa hilo, basi atakuwa amelipa kodi ambayo hakuna mchambuzi awezaye kumpunguzia. Sikumficha jambo hilo, naye hakuonekana kushangaa.

Tuliswali Magharibi pamoja. Alikuwa asafiri kesho yake kwenda Mwanza kupanda ndege. Kabla ya kuondoka aliniomba karatasi, akakaa barazani chini ya taa, akaandika rasimu ya barua kwa mkubwa wake kwa Kiingereza, akaifuta nusu, akaandika tena. Kisha akanitafsiria ili nisikie kama kuna neno lililozidi. Palikuwapo moja: alikuwa ameandika kwamba anaomba radhi kwa usumbufu. Nikamwambia alitoe hilo, akalitoa.

Hiyo ilikuwa majuma sita yaliyopita. Jibu la barua yake sijalipata habari hadi ninapoandika maneno haya.